Madumu ya Mamdogo Zuhura

Juzi nilipita uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe, nyuma ya mkahawa, nikakutana na harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji ya moto. Wengine hufunika pua. Mimi nilisimama nikatabasamu peke yangu, mpaka mpishi akachungulia kuniuliza kama nimepotea. Harufu ile kwangu ni Fuoni, uwanjani kwa mamdogo Zuhura, mdogo wake mama, asubuhi ya harusi ya watu.

Mamdogo alifuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba yake, na mimi nilipelekwa kwake kila likizo ya skuli. Kuwafuga hakukumshinda. Kilichomtoa jasho ni kuwachinja wengi kwa mkupuo. Majirani walikuja kumsaidia, kila mmoja akachukua kuku wake akaenda naye toka manyoya mpaka matumbo, mara kainuka kutafuta kisu, mara kainuka kutafuta maji, na hadithi katikati. Kuku waliochinjwa walirukaruka mchangani, wakajigonga, wakaturushia damu. Harusi moja kuku wake walifika wapishi wameshachoka kusubiri, biriani ikaliwa karibu na alasiri, na mtaa mzima ukajua ni kwa sababu ya nani. Mamdogo aliona haya, maskini, hata dukani akawa hataki kwenda. Alipopata tena kazi ya harusi, ya watu wa Mji Mkongwe, alijua kwamba akichelewa na safari hii hakuna atakayemwita tena.

Basi akakaa akafikiri. Alikata matako ya madumu ya mafuta ya kupikia, akapanua midomo yake, akayapigilia misumari ukutani kichwa chini, upande wa kibla. Kuku aingizwe humo, kichwa kitokeze kwa chini, mabawa yabanwe asijipige. Pembeni akaweka sufuria la maji ya moto, halafu meza ya kunyonyolea, halafu ya kupasulia, halafu mabeseni ya kuoshea, na kila mtu akapewa mahala pake asiondoke. Bi Salma, jirani ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, aliwekwa kwenye kunyonyoa, maana huko mikono inafanya kazi na mdomo uko huru. Mimi nilipewa firigisi. Nilizipasua, nikamwaga mchanga wake, nikachuna ile ngozi ya manjano ya ndani, nikajiona mtu mzima.

Maalim Haji, aliyekuwa akituchinjia, alipofika alisimama mbele ya madumu akakunja uso. Mamdogo akamwamkia.

"Marahaba. Zuhura, haya nini tena? Kuku anatiwa dumuni kama mafuta?"

"Mwenye kisu ni wewe, Maalim. Mimi nimekushikia kuku tu. Ukiona si sawa, ntawatoa tuwalaze chini kama siku zote."

Hata Bi Salma alikatiza kisa chake. Maalim aliangalia kibla, akainama, akashika kichwa cha kuku wa kwanza, akapiga bismillahi, akachinja. Kuku alitetemeka kidogo mle ndani, damu ikachuruzika ndooni, basi. Maalim akamtazama kwa muda.

"Haya," akasema, "nletee mwengine."

Kazi ilikwenda nikashangaa. Maji hayakuachwa yachemke, kwani ngozi ingeiva ikachanika; yakianza tu kutokota, mamdogo aliyatia kata ya maji baridi. Manyoya yalitoka kwa kiganja, na Bi Salma alimaliza visa vya mtaa mzima bila kuinuka.

Kuku wa mwisho walikuwa wameshachinjwa lakini bado wamo dumuni gari la wenye harusi lilipopiga honi. Dereva akaingia na simu sikioni, akasema wapishi wameshawasha moto. Time, binti yake mamdogo, akamkamata kuku mmoja miguu amtie majini. Miguu ilikuwa ikicheza.

"Mwache."

"Mama, gari inasubiri!"

"Na isubiri. Huyu hajatoka roho."

Mamdogo, ambaye hakupenda kuona mkono umekaa bure, alisimama pale, kamshika kuku miguu. Tukasimama naye, mikono ikitudondoka maji. Dereva alitazama simu yake, akatazama juu. Mimi nilimkasirikia mamdogo. Niliona kazi yote inaharibika kwa ajili ya kuku mmoja. Kisha Maalim akasema, "Sasa."

Kuku walifika, na wageni wakala baada ya adhuhuri kama ilivyopangwa. Tangu hapo mamdogo hakukosa kazi ya harusi. Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama cha mwanamke mwerevu aliyejua kumaliza kuku haraka, na mwerevu alikuwa kweli. Mpaka nilipoanza kufuga mwenyewe, na mimi nikapigiwa honi mlangoni, ndipo nikakumbuka zile asubuhi za mchangani, kuku waliotiwa maji ya moto wangali wanapapatika, nasi tunaona, na hakuna aliyesema neno kwa sababu tumechelewa. Mamdogo alikuwa akiona pia. Meza zile, mabeseni yale, kila mtu na mahala pake, alivipanga ili ikifika zamu ya kuku kufa, asiwepo mtu wa kumharakisha.