Ukimya wa Bibi Harusi

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni fundi cherehani. Chumba chake kinapakana na duka langu la vifungo. Mtaani tunamwita Fumua, na jina hilo amelitafuta mwenyewe: mteja akinyamaza tu, anaifumua nguo nzima.

Mimi najua tabia hiyo ilikotoka. Tulikua nyumba moja. Baba yake hakuwa mtu wa kupiga, alikuwa mtu wa kununa. Akirudi kazini kimya, watoto tulianza kujikagua: nani kavunja nini? Dada yangu aliosha upya vyombo vilivyokwisha kuoshwa, ili mradi baba aseme neno. Majirani wakamsifu kwa adabu. Adabu gani! Ilikuwa hofu tupu, na bado inanikera.

Jumamosi alikuja bibi harusi kujaribu gauni, harusi yenyewe kesho yake. Akajitazama kwenye kioo, akashika shavu, akatoka bila neno. Kufumba na kufumbua, Fumua alikuwa keshaing'oa mikono ya gauni.

"We dada, una wazimu? Kakwambia halijamkaa?"

"Hajasema kitu! Hukuuona uso wake?"

Nikampigia simu mama wa bibi harusi, roho mkononi.

"Jino hilo," akasema. "Hawezi hata kufungua mdomo. Kaniandikia kwamba gauni kalipenda kweli! Nakuja kulichukua sasa hivi."

Dada yangu aliposikia, aliinamia cherehani, jasho linamtoka, hasemi na mtu. Mimi nikakaa mlangoni kuchungulia barabara. Binti yake wa darasa la pili alikuwa chini, anakunja vipande vya vitambaa. Akavikunja, akavikunjua, akavikunja tena. Kisha akachukua tambara akaanza kuifuta meza, nayo ilikuwa safi.

Gauni liliwahi kwa tundu la sindano. Mama wa bibi harusi akalipokea kwa vigelegele, akaenda zake. Nikashusha pumzi. Ndipo mtoto alipomsogelea mama yake.

"Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mwanangu. Nani kasema umekosa?"

"Hujaniongelesha tangu yule bibi harusi aondoke."

Fumua akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto. Akafungua mdomo, neno likakataa kutoka. Mtoto akasubiri kidogo, halafu akaliokota lile tambara, akarudi kufuta meza.