Kidonge Nilichokatiwa Nusu

Kopo la vidonge likitikiswa, chaka-chaka-chaka, mpaka leo ulimi wangu unajikunja wenyewe. Niko kidato cha tatu, mrefu kuliko mwalimu wa zamu, lakini mlio ule unanirudisha shule ya msingi kule Pande, siku ya dawa za kichocho, uji wa sukari ukinukia kwenye ndoo.

Dozi ilitolewa kwa urefu. Unasimamishwa kwenye mti wenye mistari. Mfupi anapewa vichache, mlingoti anabeba mzigo. Basi nikakunja magoti ndani ya sketi. Mama mhudumu wa afya hakuinua hata kichwa.

"Twiga, nyoosha magoti."

Nikapata vinne, virefu, vyeupe, vinang'aa.

Ningeweza kuvitupa chooni kama wajanja wenzangu. Tatizo mdogo wangu Sele, wa darasa la kwanza, alikuwa anakojoa damu, na mama alishaniambia, "Asipomeza, na wewe usirudi hapa." Sasa nani alikuwa amemtisha Sele kwamba wadudu wa kichocho wakifukuzwa hutokea puani? Mimi, nani mwingine. Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Wewe kwanza, dada."

Nikapiga hesabu zangu: kitu kidogo hupita upesi kuliko kikubwa. Nikamwomba mhudumu anikatie.

"Utajuta, mwanangu. Ganda lake ndiyo raha yake."

"Nikatie tu, mama."

Akakata. Jamani, pale kwenye mkato palikuwa unga mtupu. Kikanata ulimini kama chaki, kikakwaruza, halafu uchungu ukafumuka hadi masikioni. Shubiri anayopaka mama ziwani kumwachisha mtoto ni asali. Nikatapika, uji na kila kitu, mbele ya darasa zima. Wenzangu wakapiga makofi. Sele akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

Mhudumu akanipa maji na kidonge kizima. "Lowesha mdomo kwanza. Usikichezee humo, ganda likiyeyuka umekwisha."

Nikapiga funda, nikakiweka, nikameza. Kikateleza kama mbegu ya fenesi. Sikuamini. Nikatupia cha pili, cha tatu, cha nne, huku nacheka kama nimeshinda mbio.

"Vinateleza?" Sele akauliza.

"Vinateleza."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akameza vyake, kimoja kimoja, kisha akazunguka akionyesha ulimi kwa kila mtu, hadi kwa mpishi wa uji.

Miaka yote nilidhani kiapo ndicho kilichofanya kazi. Juzijuzi nikamuuliza, akanicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe na viapo vyako? Nilikuwa naangalia uso. Ulivyotapika, nikajua leo dada haigizi. Basi ulipocheka, nikaamini."

Yaani ningemeza vyote vinne kishujaa, bila kukunja uso, mdogo wangu angekimbia na kichocho chake.