Nilivyofungiwa Selo na Baba Mkwe

Niliwahi kufungiwa selo na baba mkwe mtarajiwa, na hakuna polisi aliyetukamata.

Msicheke. Mzee nusura anifie mikononi.

Ilikuwa Jumapili mchana. Mchumba wangu ndiye aliyepanga mtoko: tutembelee gereza la zamani lililogeuzwa makumbusho, kisha tukae pale pale uani tusikilize bendi. Akamleta na baba yake. "Mzoeane," akaniambia.

Nikasema sawa. Tangu nijitambulishe kwao, mzee hajawahi kunijibu zaidi ya "mm."

Muongoza wageni akatuzungusha: jiko la wafungwa, stoo ya minyororo, ofisi ya bwana jela. Anaongea kama redio. Mzee anafuata nyuma, mikono mgongoni.

Tuliposikia bendi inajaribu vyombo, mchumba akatangulia kutuwekea viti. Muongoza wageni naye akaenda mbele na wageni wengine. Tukabaki wawili mwisho wa korido, kwenye selo ya adhabu. Nikaingia nichungulie. Mzee akaingia nyuma yangu.

Mlango wa chuma ukajibamiza. Pa!

Giza. Kidirisha kimoja tu, juu karibu na dari. Nikaupapasa mlango, kwa ndani hauna kitasa wala tundu la ufunguo. Nani angemwekea mfungwa kitasa?

"Jamani! Tuko huku!"

Hapo hapo bendi ikaanza. Magitaa, tarumbeta, ngoma, mpaka ukuta unatetemeka. Nikatoa simu. Mtandao hakuna.

"Usijali, baba, watatutafuta."

Nikamulika. Mzee ameketi chini, mabega yanapanda na kushuka, kifua kinapiga filimbi.

"Pumu," akasema. "Dawa... iko kwenye mkoba wa mwanangu."

Nitamwambia nini yule binti? Nikavua kiatu, nikaushambulia mlango kwa kisigino kama kichaa. Hakuja mtu. Na wimbo wenyewe ni ule wa kuchezesha watu, hauishi leo wala kesho.

Mzee akanivuta suruali.

"Unapiga... pamoja na ngoma yao," akasema kwa shida. "Wanadhani ni wao."

"Sasa nifanyeje?"

"Piga... pale wanaponyamaza."

Kumbe ujanani alipiga ngoma kwenye bendi. Mimi nitajuaje, na kila siku ni "mm"?

Nikategea. Jamani, ni kazi! Mwili unataka kwenda na wimbo, huku mtu anakata pumzi miguuni pako. Nikajizuia. Walipotua, nikashusha kiatu. Ko! Wakarudi, nikanyamaza. Wakatua tena. Ko! Ko!

Ngoma ya nje ikayumba. Ikajiweka sawa. Nikaiharibu tena.

Muziki ukakatika. Mtu akafoka kwenye kipaza sauti, "Nani huyo anatuharibia mapigo?"

"Sisi! Huku selo! Mtu anakufa!"

Sijawahi kufurahia vishindo vya miguu namna ile. Muongoza wageni akainua komeo, mchumba akapenya na mkoba wake. Mzee akavuta dawa, akavuta tena, kifua kikaanza kutulia. Binti analia. Mimi nimesimama, mguu mmoja hauna kiatu.

Hasira zikanipanda. Nikamkaba muongoza wageni shati.

"Unafungia watu ndani?"

"Kaka, naapa sikuugusa! Komeo lile huanguka lenyewe mlango ukisukumwa!"

"Nani ausukume?"

"Mwachie," mzee akasema, macho chini. "Niliusukuma mimi."

Nikaliachia shati.

"Nilitaka tuongee wawili tu, mwanangu asisikie. Nimuulize huyu kijana, mambo yakiwa magumu atamkimbia binti yangu? Sikujua kama kuna komeo."

"Baba!" mchumba akapiga kelele.

Mzee akaniangalia. Bado alitaka jibu, hata baada ya yote yale! Nikachoka kujipendekeza.

"Nisikudanganye, baba. Mle ndani, ningepata pa kukimbilia, ningekimbia."

Mchumba akafumba macho. Nikajua uchumba umekwisha.

Mzee akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa, tukamrudishia dawa mdomoni.

"Wenzake wote waliokuja kukuposa waliniapia hawatakimbia, na wakakimbia," akamwambia binti yake. "Huyu mlete nyumbani."

Ndiyo hivyo nikaoa. Nilichojifunza ni kwamba mkwe akikuuliza, mwambie ukweli hata kama unakuaibisha. Na nyie wazee wenye mabinti, mkitaka kumpima kijana wa watu, mwiteni sebuleni, mlango uwe wazi, na dawa zenu ziwe mfukoni.