Mkaa Chini ya Gari la Baba Mdogo

Mwezi wa saba mwaka huu nililala Mgeta, katika nyumba ya marehemu bibi, na alfajiri nikatoka nje kuwasha gari nirudi kwangu Kihonda. Baridi ilikuwa ile ile ya kuuma masikio, ukungu umeshuka mpaka vizingitini. Nikabonyeza kitufe. Gari likawaka mara moja, bila moshi, bila hata kukohoa. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikaa pale nimeshika usukani, hasira ikanipanda, hasira ya miaka zaidi ya thelathini, nikalizima tena. Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana wewe umezoea kuniita mpole.

Nililelewa na bibi mzaa mama. Mama alikuwa ameolewa Turiani, huko kwenye miwa, mimi nikabaki milimani kwenye karoti na njegere. Kwetu ardhi hufuata upande wa mama. Shamba ni la ukoo wa wanawake, na mwanamume akija kuoa anajenga kwa wakwe na kulima anapoonyeshwa. Ndivyo alivyokuja baba mdogo, mume wa mama yangu mdogo. Alikuwa mtu wa bondeni, mcheshi, hodari wa kuahidi. Alijenga juu kidogo ya nyumba yetu. Bibi alikuwa mama mkwe wake, kwa hiyo hakuthubutu kumtazama usoni, na wakikutana njiani alimpisha mpaka anaingia majanini. Heshima ya mkwe hiyo. Ikumbuke, itakuja kumbana.

Siku zile zilikuwa siku za ruksa. Juzi tu tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni ya kipande, mara duka la kijiji likajaa sabuni za rangi zote, na mitumba ikapanda mlima. Bibi alinunua koti zito la kizungu lenye manyoya shingoni, akawa analivaa kupalilia. Baba mdogo yeye alishuka Dar akarudi na pikapu. Ilikuwa kuukuu, ya dizeli, rangi ya maziwa yaliyoharibika, na mlangoni ina maandishi ya Kijapani ambayo kila mtu aliyasoma anavyotaka. Kijiji kizima kilitoka kuishangilia. Mpaka siku hiyo kabichi zetu zilikuwa zikingoja lori moja lililokuja likijisikia, na nyingi zilioza barabarani.

Mchana pikapu haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa alfajiri ya kipupwe. Vile vijiti vya ndani vinavyopasha injini ya dizeli kabla haijawaka vilikuwa vimekufa vyote, na betri ilikuwa ya kuombewa dua. Ukipiga starta ilitoa mlio wa mgonjwa anayegeuka kitandani, basi. Fundi aliyepanda kutoka mjini akaonyesha njia ya kuiamsha. Gari lilazwe limeelekeza pua mteremkoni, na jiwe chini ya gurudumu. Alfajiri, mkaa ulioiva uwekwe kwenye karai pana, usukumwe chini ya sampo inapokaa oili, ukae hapo muda wa kuivisha sufuria ya viazi. Matambara yachovywe kwenye maji ya moto, yazungushiwe mabomba ya dizeli. Kisha jiwe livutwe, gari litelemke, litiwe gia ya pili, klachi iachiwe ghafla.

"Apashwe, asichomwe," fundi alisema. "Mkaa uliokolea, usio na ulimi wa moto. Kuni hapana, hata kidogo."

Aliniambia mimi. Baba mdogo alikuwa pembeni akimsimulia mtu safari yake ya Dar.

Kazi ikawa yangu, kwa sababu watoto wake walikuwa wachanga na nyumba yetu ilikuwa jirani. Mteremko wenyewe ulikuwa wa bibi. Lilikuwa shamba lake lililolala, majani matupu, kutoka uani kwa baba mdogo hadi barabarani. Aliomba kupitisha gari hapo, bibi akakubali kwa kutikisa kichwa. Nami nikapewa ahadi yangu, mbele ya bibi na mama mdogo.

"Mwanangu, siku ya usaili wako utakaa mbele na mimi. Nitakushusha getini kwa masista."

Sasa elewa usaili huo ulikuwa nini. Masista walikuwa na shule ya wasichana bondeni, karibu na mjini, na walichukua watoto wa darasa la saba kwa mtihani wa siku moja tu, mwezi wa saba. Ukikosa siku hiyo umekosa, mwakani ni zamu ya wengine. Kijijini kwetu hakuna msichana aliyekuwa amewahi kuingia. Mwalimu wangu alikuwa ameandika barua kwa mkono wake, akaniambia nisome hata nikiwa natwanga. Nilisoma. Sikuwa na kitu kingine duniani nilichokitaka.

Vipupwe viwili niliamka kabla ya majogoo. Nakumbuka mkaa ukilialia kwenye karai, vidole vya mguu vimekufa ganzi, harufu ya oili inayoanza kulainika. Nilifukia kiazi kimoja kwenye majivu ya kando, na kilipoiva nilikila kikiniunguza ulimi kwa moto, na ndani yake kuna ladha ndogo ya dizeli. Usinicheke. Kile kiazi nimekitafuta katika mahoteli yote niliyokwenda, sijakipata. Baba mdogo alitoka mwishoni, amekunywa chai, akakaa kwenye usukani na kunipungia mkono. Nilivuta jiwe kwa mikono miwili. Gari lilitelemka kimya kwenye umande, likashtuka, likapiga kikohozi, moshi mweupe ukajaa bonde lote na mbwa wakaanza kubweka. Nilijisikia nimeliamsha mimi, na kweli ni mimi.

Siku ya usaili niliamka mapema kuliko siku zote. Nilipasha vizuri, nikafunga matambara, nikaenda kuoga maji ya uvuguvugu na kuvaa sare ambayo bibi aliinyoosha kwa pasi ya mkaa. Nilipopanda tena kwa baba mdogo, na bibi akinisindikiza, nikakuta mtu kiti cha mbele. Alikuwa dalali wa Dar, aliyekuja jana yake kujionea mwenyewe kabichi, amejifunika blanketi la mama mdogo. Nyuma magunia yamepangwa mpaka juu, yamefungwa kamba.

Bibi alisema nikae juu ya magunia. Baba mdogo akatazama chini, kama ada, akajibu kwa upole kabisa. "Zitapondeka, mama. Mwenye mzigo hataki."

Akanigeukia mimi. "Limejaa, mwanangu. Unaona mwenyewe limejaa."

Halafu akasema, nivute jiwe.

Nikalivuta. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa mtoto niliyefunzwa kutii wakubwa, nikainama na sare yangu nikavuta jiwe, na gari nililolipasha mimi likaniacha nimesimama kwenye moshi wake.

Tulishuka kwa miguu, bibi na mimi, toka alfajiri ile. Lori halikupita hata moja. Tulifika getini kwa masista saa nane mchana, soksi zangu zimeloa damu. Sista aliyefungua alikuwa na sura njema. Alisoma barua ya mwalimu yote, akaikunja, akasema mtihani umekwisha na karatasi zimeshafungwa. Alitupa maji na mkate. Bibi alikunywa maji, mkate akauacha kwenye benchi.

Njia nzima ya kurudi bibi alitembea mbele yangu. Tulilala kwa ndugu yake kwenye miteremko ya chini, kesho yake tukafika, na wala hakuingia ndani. Alichukua jembe.

Hapa nikwambie jambo moja kuhusu bibi. Enzi za mkoloni, akiwa msichana, waliwahi kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, na aliyachukia kwa moyo wake wote. Baadaye wenzake waliyazoea, wakayapandia mboga. Yeye hapana. Alikuwa akisema mgongo wake haukuumbwa kuwa ngazi ya serikali. Basi mwanamke huyo alisimama juu ya mteremko wake mwenyewe, akaita dada zake na wanawake wa ukoo, na wakachimba matuta ya ngazi kukatiza njia ya gari. Siku mbili walichimba, wakiimba. Tuta la kwanza bibi alilijengea ukingo wa mawe, na katikati ya ukingo akaniambia nilete jiwe la gurudumu. Nililibeba. Akalipiga kwa mpini mpaka likakaa. Kisha akapanda miche ya kabichi.

Baba mdogo alirudi na pikapu kutoka Dar jioni ya siku ya pili, akasimama barabarani akiyatazama yale matuta. Kumgombeza mama mkwe haiwezekani, na shamba si lake hata shubiri moja. Alivua kofia akasema, "Poleni na kazi, mama." Bibi akajibu, "Tumeshapoa." Gari likalala bondeni, katika ua wa duka, kwenye tambarare. Mimi sikuitwa tena kupasha, na kama ningeitwa nisingekwenda. Kwa siku tano vijana walilisukuma kwa kuahidiwa hiki na kile, mpaka wakachoka na ahadi zake.

Siku ya sita baridi ilizidi. Nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani, nikapitia nyuma ya ua wa duka. Nikamwona baba mdogo amepiga magoti, peke yake, anahangaika. Hakuwa na mkaa. Alikuwa amekusanya kuni kavu chini ya sampo, sampo ambayo siku zote ilitona oili, na anapuliza ili ziwake upesi. Ulimi wa moto ukapanda.

Nilijua. Kijiji kizima mimi peke yangu ndiye niliyejua. Kilichotakiwa ni kumwita tu. Neno "baba mdogo" lilinifika mdomoni, nikalimeza. Nyaya zilishika kwanza, kisha mipira, kisha viti. Alipopiga kelele watu walikuja mbio wakiomba maji, maji! Wakati huo mimi nilikuwa nimeshageuka. Nilipanda mlima taratibu, sikumwaga hata tone.

Bibi alikuwa jikoni. Aliutazama moshi mweusi kule chini, akaitazama ndoo yangu, akanitazama mimi muda mrefu. Kisha akaipokea ndoo, akaitua.

"Tia chumvi kwenye maharage," akasema.

Kipupwe kile kabichi za watu wengi zilioza, na za kwetu pia. Wanawake walibeba matenga kichwani kwenda kutega malori mbali, shingo zikawavimba. Sikufurahia hilo. Lakini juu ya lile gari, juu ya yule mtu, sikutoa hata chozi. Nilichimba karoti miaka miwili, hadi mjomba aliponipeleka katika moja ya zile shule za binafsi zilizoanza kufunguliwa mjini. Nilisoma nikiwa mkubwa kuliko wenzangu wote darasani. Niliwaambia nimechelewa kwa sababu ya homa.

Basi, asubuhi ile ya mwezi wa saba nilizima gari nikapanda kwa baba mdogo. Mama mdogo amekwisha kufa, watoto wako Dar. Mabaki ya pikapu waliyaburuta zamani hadi kando ya nyumba, ambako kuku wanatagia na mmea wa mashusushu umetambaa mpaka juu ya bodi. Alikuwa amekaa mlangoni, mzee sana, amejikunyata ndani ya koti. Nikampa shikamoo. Alifurahi mno kuniona, akataka kunyanyuka, akashindwa.

Alizungumzia gari, kama kawaida yake. La usaili hakulitaja, nadhani lilimtoka kichwani wiki ile ile. Aliinua kidole kuelekea ile bodi yenye kutu.

"Mwanangu, kila kipupwe nakukumbuka. Kazi ile uliijua wewe. Siku ile ungekuwepo, gari lisingeungua, na mimi nisingekuwa hivi."

Ningeweza kunyamaza. Mzee, mgonjwa, anatetemeka. Wewe pengine ungenyamaza.

"Nilikuwepo, baba mdogo," nikamwambia.

"Wapi?"

"Nyuma ya ua wa duka. Nakutazama unapuliza kuni. Nina ndoo ya maji kichwani."

Kuku mmoja akatoka kwenye dirisha la pikapu, akatua chini. Nilimwona akirudi nyuma, mwaka kwa mwaka, anatafuta, na nilimwona alipofika.

"Ndoo ilikuwa imejaa?" akauliza.

"Imejaa, baba mdogo. Imejaa."

Niliteremka kupitia kwenye matuta. Watu wengine wanayalima sasa, wamepanda vitunguu, na lile jiwe bado liko ukingoni, limeota kuvu. Hakuna karai, hakuna mkaa unaolialia, hakuna moshi mweupe wala mbwa wa kuubwekea. Nilisikia utamu, sikufichi, nimeungoja maisha yangu yote. Nikaharakisha hatua, nikakaribia kukimbia, kama zamani nilipokuwa na habari, ili nimkute bibi jikoni nimwambie alivyouliza, na nilivyomjibu.

Nilifika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba ufunguo ninao mimi.