Bolti ya Mguu wa Kushoto

Bi Spana alikuwa na miaka sitini na tisa na magoti mawili mabovu, lakini makumbusho ya jeshi la anga yalipomtumia mtu kumwomba asaidie kuandika upya historia ya ndege Kumi na Saba, hakuuliza atafikaje wala atapandaje ngazi. Aliuliza jambo moja tu: nani aliyeandika ile iliyopo? Akaambiwa ni mhifadhi, binti msomi ambaye hajawahi kushika spana maishani mwake. Alicheka mpaka akashikilia mlango, kisha akaenda kutafuta ovaroli lake.

Ndege yenyewe ilikuwa ya mizigo, injini mbili, tumbo pana, imesimama katikati ya ukumbi huku imezungushiwa kamba ili watoto wasiipande. Bi Spana aliihudumia miaka kumi na minne. Ndiye mwanamke wa kwanza kuingia kwenye banda la mafundi. Siku ya kwanza walimpa ufagio, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wakimpa kazi zilizowashinda. Alikuwa shoto, na mkono wake wa kushoto ulipenya kwenye vichochoro vya ndege ambamo mikono ya wenzake ilikwama. Jambo hilo hakulionea haya hata kidogo. Alijisifu nalo bandani, alijisifu nalo nyumbani, na siku ya harusi yake alimwambia mume wake mbele ya wakwe kwamba amepata mkono usio na mfano.

Basi kwa wiki mbili alimzungusha mhifadhi kuanzia pua ya ndege hadi mkiani, kitabu cha matengenezo kiko kwapani. Kiraka hiki ni cha mwaka wa mafuriko, tulipotua barabarani kupeleka unga, kokoto zikatoboa ubavu. Hapa sakafu imebonyea kwa sababu walipakia jenereta ya hospitali bila kutandika mbao, na mimi niliwaambia. Kumi na Saba ilibeba majeruhi, barua, chanjo, askari wa miavuli, bendi nzima ya jeshi pamoja na matarumbeta yake, na fahali mmoja wa mbegu wa mkubwa fulani, aliyeharisha njia nzima na hakuna aliyethubutu kuliandika hilo kitabuni. Mhifadhi aliandika yote, hata fahali. Wakaivana, binti akaanza kumletea chai kabla hajaulizwa.

Sehemu ya mwisho ya bango la zamani, lenye historia ya ndege, haikuwa na ubishi. Ilisema utumishi wa ndege ulikoma mwaka wake wa ishirini na mbili, pale rubani, mara tu baada ya kutua, alipokosea akavuta mkono wa kukunja magurudumu badala ya mkono wa vibao vya mabawa ulioko pembeni yake. Mguu wa kulia ukakunjika, ndege ikaburuza tumbo na bawa hadi nje ya uwanja. Hakuna aliyekufa. Rubani aliapa mbele ya kamati kwamba hakuugusa mkono ule, kamati ikamsikiliza kwa adabu na isimwamini. Akavuliwa beji ya urubani, akaishia kufundisha watu kuendesha magari. Na jina la Kapteni Tumbo, ambalo mji mzima ulimwitia rubani huyo kwa miaka thelathini na moja, lilitungwa na Bi Spana mwenyewe wakati wa chakula cha mchana, bandani, watu wakavunjika mbavu.

Wiki ya tatu wapaka rangi waliinua ndege kwa jeki ili miguu isafishwe. Mguu wa kulia ulikuwa wa kuazima, ulitolewa kwenye ndege nyingine baada ya ajali ili hii iweze kusimama. Wa kushoto ndio uliokuwa wa Kumi na Saba yenyewe, haujaguswa tangu siku ile. Bi Spana alitaka mhifadhi aone kitu halisi, akalala chali juu ya ubao wa magurudumu, akajisukuma chini, tochi mdomoni.

Kwenye komeo linaloufunga mguu usikunjike kuna bolti moja, nene kama kidole gumba. Huingizwa kutoka ndani, kichwa chake kifupi kikabaki upande wa komeo, na nati ikakaa nje. Hii iliingizwa kutoka nje. Mkia na nati vilikuwa ndani, vimechimba alama kwenye komeo, na komeo lilikuwa limefunga kwa unene wa ukucha tu. Aliielekezea tochi mara mbili, mara tatu. Mtu wa mkono wa kulia akilala pale hawezi kuiingiza namna hiyo hata akilazimishwa. Angeweza shoto peke yake.

Aliomba apewe kitabu pale pale chini. Kazi hiyo ilifanyika siku nne kabla ya ajali, miguu yote miwili, kwa mkono mmoja, na sahihi ilikuwa yake. Chini yake palikuwa na sahihi ya msimamizi wa banda, ambaye alipaswa kulala chini akakague lakini hakulala. Bandani walikuwa na msemo kwamba kazi ya Bi Spana haikaguliwi, na yeye alikuwa akiupenda sana. Wa kushoto ulishikilia kwa bahati, wa kulia ukaachia, ukatupwa kwenye chuma chakavu bila mtu kuutazama, maana kamati ilikuwa tayari imeshampata mtu wake.

Alikaa pale chini muda mrefu. Mhifadhi akauliza kama ameumia, akajibu hapana. Spana ilikuwa kiunoni. Kuigeuza bolti ile ni kazi ya dakika tano, msimamizi amekwisha kufa, na hakuna mwingine aliye hai ambaye angejua. Tena bango jipya lilikuwa na aya nzima ya kumsifu. Aliona aibu, aibu ile ya kutamani ardhi ipasuke imeze mtu. Lakini hakuigusa. Bi Spana alikuwa na kiburi, tusidanganyane, ila kilikuwa kiburi cha fundi: kazi yake aliitambua hata ilipokuwa mbovu, na hakuwa tayari mwingine abebeshwe. Akajisukuma nje, akajifuta mikono, akasimulia yote bila kupunguza.

Mhifadhi akatafuta njia ya kumwokoa.

"Bibi, tuandike tu hitilafu ya kiufundi. Itatosha."

"Hitilafu haina mikono, mwanangu. Andika kwamba fundi aliingiza bolti kinyume, halafu andika kwamba fundi huyo ni mimi."

Binti akauliza basi ile aya ya sifa afanyeje. Bi Spana akamwambia aiache ilivyo, kwani nayo ni kweli.

Kesho yake alikwenda kwa rubani na karatasi yenye maneno ya bango jipya, kwa kuwa aliona si haki mtu ayasome ukutani kabla hajasomewa. Kwa miaka yote hiyo walikuwa wakipishana njiani bila salamu. Alikuta mzee mrefu aliyeinama, sebule ndogo yenye chati ya alama za barabarani ukutani, na mkewe akiosha vyombo jikoni. Alikaribishwa kiti, hakukaa. Akasoma. Kisha akamweleza kwa kalamu na mpini wa kikombe jinsi bolti ilivyopaswa kuingia na jinsi alivyoiingiza yeye, akaomba radhi kwa bolti na kwa lile jina, akangoja matusi. Alikuwa tayari kwa tusi lolote.

Rubani alikitazama kikombe.

"Mwaka wa kwanza nilijua kabisa sikuuvuta mkono wa magurudumu," alisema. "Wa pili vile vile. Baadaye, Fundi, kila nikifumba macho nikawa naona mkono wangu uko pale. Mwishowe nikamwambia mke wangu ndiyo, ni mimi, tuyaache."

Bi Spana hakuwahi kufikiri kwamba kosa lake liliingia hata mle, ndani ya kumbukumbu ya mtu, na machozi yakamtoka mbele ya mwanamume ambaye yeye alimcheka nusu ya maisha yake.

"Hukuuvuta, Kapteni."

"Sema tena."

"Hukuuvuta. Hukuugusa."

Mzee akageukia jikoni, akamwita mkewe, akamwambia aache vyombo, kuna jambo la kusikiliza. Akamwomba mgeni alirudie, pole pole. Mkewe alikuja na mikono yenye povu, na Bi Spana akasema mara ya tatu.