Shati lina vifungo saba, yeye anatafuta cha nane

Saa tatu asubuhi, katika chumba cha nyuma cha karakana ya kushona sare, mwanamke wa miaka thelathini na nane anashona vifungo kwa mkono. Hatulii. Anashona kimoja, anagonga kisigino mara mbili, anatazama saa ya ukutani, anashona kingine. Midomo ameibana na inatetemeka kama ya mtu anayepuliza chai ya moto, ila chai haipo.

"Usinisemeshe kwanza," anamwambia mwandishi. "Nimefika noti ya la."

Wenzake wanamwita Pwaa, kwa sauti ya kwanza aliyoitoa kwenye tarumbeta. Jina halimuudhi. Kinachomkosesha raha ni Jumapili, maana zimebaki siku tatu na kuna noti moja bado hajaiweza.

Yote yalianza mwaka jana, bendi ya mtaa ilipopita nje na karakana nzima ikakimbilia dirishani. Baadaye kila mtu alirudi kwenye cherehani yake. "Mimi ulirudi mwili tu," anasema.

Mwalimu wake, mpiga tarumbeta mstaafu mwenye hasira za karibu, ana wanafunzi wanne na tarumbeta moja. Kila mmoja huipata dakika arobaini kwa wiki. Siku nyingine zote amri ni moja: ipige kichwani. Funga macho, ishike, usikie ubaridi wake mdomoni, cheza vidole.

Pwaa aliipiga njiani, aliipiga jikoni. Mama mkwe wake, anayeishi naye, alimkuta sebuleni kafumba macho, midomo inacheza.

"Nilidhani ana homa," anasimulia mama huyo. "Nikamuuliza, mwanangu, unaongea na nani? Ananijibu, subiri mama, wananipigia makofi. Nikasema basi, kijana wangu kaoa kichaa."

Balaa lilikuja alipoanza kuipiga akiwa kwenye cherehani. Kitambaa kinatakiwa kiende chenyewe. Ukikivuta, mshono unarefuka. Yeye alikuwa akikivuta kwa mapigo ya wimbo: mrefu, mfupi, mfupi, mrefu. Mashati sitini yalitoka hivyo hivyo.

"Nimeona watu wakikosea kwa usingizi," anasema msimamizi wake. "Huyu alikosea kwa mpangilio. Yale mashati ungeweza kuyaimba."

Hata hivyo, siku ile msimamizi hakucheka. Alimtoa kwenye cherehani, akampeleka kwenye vifungo, na ujira ukashuka kwa robo. Alimwambia likiharibika shati moja tena, aende nyumbani na tarumbeta yake.

"Na tarumbeta yenyewe si yangu," anasema Pwaa.

Hapo ndipo alipobanwa. Asipoota, dakika arobaini hazitamfikisha popote. Akiota, kazi nayo itaota mbawa. Na Jumapili mwalimu anachagua mmoja kati ya wanne akae kwenye kiti kilicho wazi katika bendi, na atakayechaguliwa atakwenda na tarumbeta nyumbani. Mtihani ni kupanda kutoka do ya chini hadi do ya juu bila sauti kukatika. Ya Pwaa hukatika palepale mwishoni.

"Unaikimbilia juu," mwalimu humfokea. "Unakaza shingo utadhani unachungulia ukuta wa jirani."

Adhabu ya vifungo ikamletea ngazi. Shati lina vifungo saba kutoka chini hadi kwenye kola, na noti ni saba, kutoka do hadi ti. Akawa anashona do, anashona re, anapanda. Akili ikitoka kwenye sindano tu, noti inapotea, kwa hiyo haitoki. Anamaliza mashati arobaini kwa siku na hajaharibu hata moja.

Lakini kwenye kola anafika ti, na juu ya kola, mahali pa do ya juu, hakuna kitu ila shingo. "Ti inabaki inaniwasha siku nzima," anasema. "Silali vizuri."

Jana ndipo alipokihesabu kifungo cha akiba, kile kinachoshonwa kwa ndani, chini kabisa, jirani na cha kwanza. Ameshona mamia bila kukipa noti.

"Nikacheka peke yangu," anasema. "Kwenye tarumbeta, do zote mbili hubonyezi kitu. Vidole ni vilevile, zinatofautiana kwa mdomo na pumzi. Ni do ileile, iko nyumbani, mimi naitafuta juu ya kola."

Bado hajaijaribu. Zamu yake ni kesho jioni. "Nikiipata kesho, Jumapili nakwenda. Nisipoipata, nakwenda vilevile."

Anasimama, anakunywa maji, anarudi. Anapanda hadi kwenye kola, kisha anaushusha mkono chini, anageuza upindo. Mabega yameshuka. Kisigino kimetulia.

Msimamizi anapita, anachukua shati, anavuta vifungo kimoja kimoja kupima kama vimeshika, analirudisha. Amevuta saba.

Pwaa anageuza upindo, anakivuta cha nane mwenyewe.

"Kimeshika," anasema. "Jumapili mwalimu naye aje akivute."