Kisanduku cha Sababu

Kuna watu wakidhulumiwa hulia siku mbili, wakasahau, wakanenepa. Mama Waya hakuwa wa kundi hilo. Alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni ya kusambaza dawa, na kinyongo chake alikitunza kama alivyotunza bisibisi zake.

Mdeni wake alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi pale. Bwana huyo alipanda vyeo mbiombio hadi akawa meneja wa ghala. Siku moja alichomeka flashi yake iliyojaa sinema za bure, virusi vikaingia, na oda za hospitali za mwezi mzima zikapotea. Mama Waya aliiona ile flashi kwenye mashine kwa macho yake, lakini wakurugenzi walipofika ilikuwa imesharudi mfukoni. Shemeji alikohoa kidogo, akasema fundi ndiye aliyeleta uchafu ule.

Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Mama Waya alihamishiwa stoo ya wino na karatasi, chumba kisicho hata na dirisha, na waliopita mlangoni wakaanza kumwita Mama Virusi. Mama yake mzazi alimsihi ameze tu, asije akavunja ndoa ya mdogo wake. Alimeza, ila donge likamkaa pale pale kooni miaka miwili.

Kisha kompyuta za ofisi zikaanza kuchoka, na wakurugenzi hawakuwa na hamu ya kununua mpya. Mama Waya akawapelekea wazo la mfumo endeshi mwepesi, ile programu mama ya kompyuta, uliotengenezwa kwa ajili ya maofisi. Ungekaa kwenye mashine kuukuu bila kuhema, na usingemwamini mtu. Programu isingefunguka, wala printa isingechapa, mpaka mwenye ufunguo aidhinishe. Wakurugenzi waliupenda. Walipouliza ufunguo ukae kwa nani, wakakuta anayeujua mfumo ni mmoja tu, naye yuko stoo.

Akatengeneza fomu. Jina, kifaa, na chini yake kisanduku cha sababu. Aliyejaza "kazi" alirudishiwa fomu yake aseme ni kazi gani. Mhasibu alirudishiwa mara mbili, akacheka. Shemeji alirudishiwa mara tano kwa siku moja, na hakucheka. Mama Waya aliona raha, tena raha ya kweli, na hakuona haya.

Shemeji naye, kwa kiburi chake, akachoka kuomba, akawa anachomeka flashi yake kimyakimya. Mfumo uliikataa kila mara, ukaandika jina lake, saa, na virusi vilivyokuwamo. Zilipofika mara kumi na moja, Mama Waya alichapa orodha yote akaipeleka juu, chai yake akaiacha ipoe.

Wakurugenzi walimpa meneja hadi saa sita mchana: barua ya kujiuzulu iwe mezani, imechapwa vizuri, ama afukuzwe. Mama Waya akauliza, na lile la miaka miwili nyuma je? Wakamwambia yaliyopita yamepita, tusifukue makaburi. Alirudi stoo na jina lake chafu vilevile, akakaa anaangalia maboksi ya wino.

Saa tano na nusu shemeji akabisha hodi. Barua ilikuwa tayari kwenye mashine yake, ila printa ilikuwa imemfungia. Mama Waya alimsogezea fomu bila kuinua uso. Akajaza kwamba anataka kuchapa barua ya kujiuzulu. Fomu ikarudi.

"Unajiuzulu kwa sababu gani?"

"Shemeji, sababu unaijua."

"Naijua. Andika."

Akamtaja mdogo wake, akamtaja na mama. Mama Waya akajibu kwamba hao wawili angewaeleza yeye mwenyewe jioni. Shemeji akatazama saa ukutani, akajifuta jasho, akainama. Aliandika polepole kwamba flashi ilikuwa yake tangu ile mara ya kwanza, na kwamba yeye ndiye aliyemsingizia fundi.

Mama Waya alisoma mara mbili, neno kwa neno. Zilikuwa zimebaki dakika kumi.

"Weka saini na tarehe," akasema. "Halafu nisubiri hapo. Nikishatoa kopi nikaibandika kwenye ubao wa matangazo, nitakuja kukuidhinishia."